Nakala Iliyochelewa Magogoni

Nina tabia moja mbaya ambayo mama yangu aliigundua tangu nikiwa mdogo kule Mwakirunge: nikitengeneza kitu kikafanya kazi mara tatu mfululizo, kwangu kimeshakuwa kitakatifu, na atakayesema kina kasoro nitamtazama kama aliyenitukania ukoo. Kwa mtu anayejipatia riziki kwa kuandika programu za kompyuta, hiyo si tabia, ni ugonjwa. Naisema mapema nisije nikajifanya mwema huko mbele.

Tuko wawili kazini, mimi na mwenzangu, mwanamume wa bara aliyekuja Mombasa kusoma, pwani ikamnogea, akabaki. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro, Mishomoroni. Hapo ndipo tulipoiunda plagini yetu, kijiprogramu kinachopachikwa ndani ya mfumo mkubwa ili kuusaidia. Kazi yake ni kugawa mzigo. Mfumo wowote una ghala lake la kumbukumbu, na watu wakiwa wengi ghala moja huelemewa. Basi sisi tunaweka seva kuu moja, yaani kompyuta ya ghala, ambayo ndiyo pekee inayoandikiwa, halafu tunaweka nakala zake mbili ambazo kazi yao ni kusomwa tu. Ukiandika, unaandika kwa mkubwa. Ukisoma, unasomeshwa na wadogo. Nao wadogo hawaachi kunakili kila anachoandika mkubwa, kwa kawaida katika muda usiotimia hata sekunde moja.

Nasema kwa kawaida, kwa sababu nakala inaweza kuchelewa. Nililijua hilo tangu mwanzo, na dawa yake niliitia kwa mkono wangu: mtu akishaandika jambo, kwa sekunde thelathini atasomeshwa na seva kuu yenyewe, asije akakosa kuliona alilotoka kuliandika. Zikipita hizo, anarudishwa kwa nakala. Nililijaribu mara nyingi. Naandika, nafungua, nakuta. Naandika, nafungua, nakuta. Likawa takatifu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kliniki ya watoto yenye vituo vitatu: Likoni, Changamwe na Magogoni. Mtoto akichanjwa, muuguzi anatia alama kwenye kadi, kisha mama na mwanawe wanapita kwa karani. Karani anaiingiza chanjo kwenye mfumo, anahifadhi, halafu anafungua tena ukurasa wa mtoto asome tarehe ya kurudi, ambayo mfumo huipiga hesabu wenyewe, aiandike kwenye kadi. Kazi yenyewe ni hiyo tu.

Siku moja msimamizi wa kliniki akatuandikia. Karani wa Magogoni, mwanamke mtu mzima aliyekaa kazini hapo miaka mingi, alikuwa akiingiza chanjo mara mbili. Mtoto mmoja, siku moja, chanjo ileile, mara mbili. Likoni hakuna. Changamwe hakuna. Ni yeye peke yake. Mwenyewe akiulizwa alisema aliandika, maandishi yakaondoka, akaandika tena, kisha yale ya kwanza yakarudi. Msimamizi alitaka tumwambie kama hilo linawezekana.

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, na nikamsomea mwenzangu kwa sauti: maandishi yakaondoka, kisha yakarudi! Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Kweli, kila chanjo iliyorudiwa ilitoka kwenye meza yake, na kati ya ya kwanza na ya pili zilipita dakika mbili, tatu. Nikaandika ripoti. Mfumo hauna kosa, nilisema, kumbukumbu zimeingizwa mara mbili na mtumiaji. Ingekoma hapo isingekuwa mbaya sana. Lakini mimi kalamu ikinipata hainiachi, nikaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeniomba: huenda mtumiaji anasahau kuwa amekwisha kuingiza.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nilituma ripoti ile nikaenda kula viazi karai.

Wiki chache baadaye tukakaa kupanga toleo jipya la plagini. Tulibandika karatasi kubwa ukutani, na mimi nikaijaza kwa maandishi yangu mazuri. Nilitaka plagini imtambue mwenyewe mdogo aliyeugua na kumpumzisha. Nilitaka nakala yenye nguvu ipewe mzigo mkubwa kuliko dhaifu. Nilitaka pia ukurasa wa michoro ya rangi, wa kumwonyesha mteja jinsi wasomaji wake wanavyogawanywa, na huo ndio niliokuwa nikiuota. Mwenzangu aliisoma orodha nzima huku amefunga mikono.

"Manze, haya yote yanatufurahisha sisi," akasema. "Kuna mtu ameyaomba?"

Yeye ana kanuni yake, na hapo kabla nilikuwa nikiidharau: kabla ya kupanga, mmoja wetu aende akae karibu na mtu anayeutumia mfumo, asubuhi nzima, atazame tu, asifundishe. Nikasema vyema, nitakwenda Likoni. Karani wa Likoni alikuwa mwepesi, alitusifu, na kila mara aliniletea kaimati. Mwenzangu akatikisa kichwa. Twende penye malalamiko, akasema, penye sifa tutajifunza nini? Nikanuna. Nilinuna zaidi aliponikumbusha kwamba tuna mpaka Jumatano tu, maana Alhamisi kliniki ilikuwa na kikao, na katika kikao hicho yule mama wa Magogoni angepumzishwa kazi. Tayari alishaambiwa. Ripoti iliyotegemewa ilikuwa yangu.

Jumatatu, siku ya kliniki, nilikwenda Magogoni kwa miguu, nikiwa na hasira ya mtu anayehisi anapotezewa wakati.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. U mzima? Nyumbani hawajambo? Wewe ndiwe wa mashine?"

Nikasema ndiye mimi. Hakujua kwamba ndiye mimi wa ile ripoti pia, na sikumwambia. Alinivutia kiti, akakipangusa kwa leso yake. Alikuwa mtu wa familia za zamani za Mombasa, wale ambao Kiswahili chao hukuacha ujione kwamba cha kwako ulikiokota njiani. Mezani palikuwa na kompyuta, kalamu mbili na daftari la shule lenye mistari. Daftari lile lilinishangaza, kwa sababu mfumo wetu uliletwa ili madaftari yaondoke.

"Hili la nini, Mama?"

"Nikihifadhi, natia alama humo," akasema bila kuniangalia. "Ili nijue nimehifadhi. Wakubwa waniambia mato yangu yamechoka."

Mato, ndivyo kwao wanavyoyaita macho. Nikageuza uso nikatazama ukuta.

Akaja mama wa kwanza, na mtoto mgongoni. Nilitoa simu nikaanza kupima muda, maana kutazama bila kupima mimi sijui. Karani aliandika haraka, na nasema haraka kwa makusudi, kwani vidole vyake vilikuwa vyepesi kushinda vya yule wa Likoni. Akahifadhi. Akatia alama daftarini. Kisha akaiacha kompyuta, akamgeukia yule mama mzima mzima, kiti na yeye.

"Haya, mwanangu, hujambo? Mtoto kalala jana? Na nyanyake wa Kaloleni, lile goti limepoa?"

"Amepoa kidogo, Mama. Anakusalimu sana."

"Alhamdulillahi. Mwambie namsalimu. Na baba mtoto, yuwaja lini?"

Nikajua hapa pana safari. Baba mtoto alikuwa kwenye kazi ya mjengo, akaulizwa habari zake. Mtoto akafutwa kamasi, akasifiwa mashavu, akaulizwa kwa nini amemlilia muuguzi ilhali yeye ni mwanamume. Mama mtoto akasema hapati usingizi, akaambiwa neno la kumtuliza, nalo lilikuwa neno zuri. Ndani yangu nilikuwa nikichemka. Nilijisemea, ndiyo maana anasahau, mtu anatia porojo katikati ya kazi. Simu yangu ilionyesha dakika mbili na nusu alipoirudia kompyuta kufungua ukurasa wa mtoto.

Ukurasa ulifunguka. Chanjo ya leo haikuwamo.

Hakushtuka. Aligeuka tu akanitazama, kisha akaitazama alama yake daftarini.

"Waona?" akasema kwa sauti ndogo. "Wallahi naliandika."

"Uliandika, Mama," nikasema. "Nimekuona kwa macho yangu." Vidole vyake vilikwisha kwenda kwenye vitufe kuandika upya. "Ngoja! Usiguse. Tafadhali usiguse kitu."

Nikafungua kompyuta yangu magotini. Kwenye seva kuu chanjo ilikuwamo, nzuri, na saa yake. Nikaitazama nakala. Nakala ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Nilisoma ile namba, nikaisoma tena. Tulikaa hivyo watu watatu na mtoto mmoja tukiutazama ukurasa, na baada ya muda, bila mtu kuugusa zaidi ya kuufungua tena na tena, chanjo ikajitokeza.

"Bismillahi," akasema yule mama mtoto.

Sasa ngoja niseme nilivyolielewa, maana nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Sekunde thelathini! Zilitoka wapi sekunde zile? Hakuna kitabu kilichonipa, hakuna mtu niliyemuuliza. Zilitoka kwangu, mtu ambaye salamu yangu haimalizi hata sekunde tano. Karani wa Likoni na wa Changamwe walihifadhi, wakafungua papo hapo, wakaandika tarehe, wakapiga kelele, "Anayefuata!" Wao daima walikuwa ndani ya zile thelathini, wakisomeshwa na seva kuu. Mimi nilipojaribu nilikuwa ndani ya thelathini. Duniani kote kwa wateja wetu, aliyevuka mpaka ule kila siku, kwa kila mtoto, alikuwa mwanamke mmoja wa Magogoni aliyeona ni aibu kumwandikia mtu tarehe kabla ya kumjulia hali. Plagini yangu ilimwadhibu kwa adabu yake. Kisha mimi nikaja nikaitilia sahihi adhabu hiyo.

Nilitoka nje nikampigia mwenzangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapa tumechoma," yaani tumeharibu. Nikamwomba atafute ni nini kinaichelewesha nakala. Dakika nne si jambo la kawaida. Aliporudi kwenye simu alikuwa akicheka ule mcheko wa mtu asiyetaka kucheka. Kulikuwa na ripoti moja nzito mno iliyoendeshwa kila asubuhi ya kliniki juu ya nakala ile inayowahudumia makarani. Inasoma kumbukumbu zote tangu mwanzo, na wakati ikisoma, nakala haiwezi kupokea jipya. Ilianza kama ripoti ya mwezi, ikawa ya wiki, sasa ilikuwa ya kila siku ya chanjo. Ilitoka kwenye akaunti ya msimamizi. Alikuwa akitafuta makosa ya karani wa Magogoni.

Yaani kadiri alivyomchunguza ndivyo alivyozidi kumkosesha. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nilikuwa na jambo lililonitisha zaidi, na nilirudi ndani mbio kuliuliza: je, kuna mtoto aliyechanjwa mara mbili kwa sababu ya mfumo? Muuguzi akanishangaa. Yeye hutazama kadi ya mkononi, akasema, na alama anaitia mwenyewe, mashine hajawahi kuiuliza kitu. Sikuridhika. Mpaka saa saba mchana tulizipitia, mimi na yeye, kadi za watoto tuliowapata pale na rejista yake ya sindano, tukilinganisha na kila jina lililorudiwa. Sindano moja moja, zote. Nilikwenda msalani nikaufunga mlango, nikalia kwa raha. Sijawahi kufurahia kitu kwa kiasi kile, na bado nilikuwa sijafanya lililonipasa.

Na nitakuwa muongo nisiposema kwamba njiani nikirudi Mishomoroni wazo la pili lilinijia. Ningeweza kurekebisha kimyakimya. Saa chache tu za kazi, na kuanzia kesho hakuna chanjo itakayorudiwa. Yule mama angestaafishwa, lakini si alikuwa mtu mzima? Kliniki ile ndiyo iliyokuwa ikituweka mjini. Wazo lile lilikaa nami kutoka msikiti wa kwanza hadi karibu na duka la magodoro, na linanitia haya mpaka leo. Nilipolisema mbele ya mwenzangu, kwa mafumbo, kama mtu anayeuliza habari za hewa, hakunikemea.

"Sawa," akasema. "Na yule mama tumwambie nini? Kwamba amepona?"

Basi. Tuligeukia karatasi yetu ukutani. Nilichukua kalamu nene nikaipiga mstari orodha yangu yote, hata michoro ya rangi, na juu kabisa nikaandika: aliyeandika asome alichoandika, hata akikaa kusalimiana mpaka adhuhuri. Siku mbili zile tulizitumia kulipanga na kuliunda hilo tu. Tukaachana kabisa na mambo ya kuhesabu sekunde. Kila mtu akiandika, seva kuu itampa namba ya hapo ilipofikia, na plagini itaishika namba ile kwa niaba yake. Akitaka kusoma, nakala itaulizwa kwanza: umeifikia namba hii? Ikiwa bado, haitamsomesha, atapelekwa kwa mkubwa. Jambo la pili likawa kuzitengea ripoti nzito nakala yao zenyewe, mbali na makarani. La tatu, nakala ikichelewa zaidi ya dakika, simu zetu zilie. Mwenzangu aliuliza kama michoro irudi katika la nne. Nikamwambia aniondolee uchuro.

Alhamisi nilivaa nguo ya kanisani. Kikao kilikuwa katika chumba cha nyuma cha kituo cha Magogoni: msimamizi, muuguzi, yule mama akiwa amekaa wima na buibui lake jeusi, na mimi. Msimamizi alikuwa ameichapa ripoti yangu ya kwanza. Nilimwomba aniruhusu niseme kabla haijasomwa.

"Hiyo niliyoiandika si kweli," nikasema. "Niliandika bila kuja kuona."

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Nilipofika kwenye ripoti yake ya kila asubuhi, msimamizi alivua miwani akaifuta muda mrefu sana. Alikuwa mtu wa haki, mkali tu. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana, kisha akaikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni. Akasema hakuna haja ya kuendelea na kikao, na akamwomba radhi yule mama kwa jina lake kamili, la kwake na la baba yake. Kuhusu sisi, alitaka tumpelekee marekebisho kabla ya kliniki ya Jumatatu. Nikasema yapo tayari. Kifua kilinifunguka, nikajikuta natabasamu ovyo.

Yule mama mwenyewe hakutabasamu. Alikuwa akinitazama mimi.

"Lile neno la kusahau," akasema, "ndiwe uliyeliandika?"

"Ndimi, Mama. Nisamehe."

"Mamangu alisahau," akasema. "Alianza hivi hivi. Afanya jambo, halioni, afanya tena. Mwisho akawa haniiti jina." Aliishika mikono yake pamoja mezani. "Mimi nalidhani ni zamu yangu. Nimeshamwambia binti yangu. Yuwakuja mwezi huu kunitwaa, nikakae kwake, nisiwe peke yangu. Nyumba nimeshaanza kuifunga."

Sikujua. Mimi nilidhani ni kazi tu iliyokuwa ikipotea.

Akatoa simu kwenye mkoba, akaibonyeza, akaiweka katikati ya meza, sauti juu. Iliita mara mbili.

"Abee, mama," sauti ya mwanamke ikaitika.

"Pana mtu hapa ana neno nawe," akasema, akanisukumia simu. "Mwambie. Mwambie kama ulivyotwambia."

Nikamsalimu, nikamuuliza watoto, nikamuuliza kazi, kwa sababu sauti yangu ilikuwa bado haijawa tayari. Kisha nikasema: "Mamako hajasahau kitu. Kila alichosema amekiandika, alikuwa amekiandika. Kosa lilikuwa langu."

Nilisikia mtu akivuta pumzi, halafu akaanza kulia. Yule mama aliinama karibu na simu, akanishika mkono juu ya meza, akaubana.

"Rudia, mwanangu," akaniambia. "Polepole, asikie vizuri."

Nikarudia.